Kisu cha Kinepali: Tazama Makali, Usidanganywe na Ala

Msikilizaji mpenzi, juma hili nazungumza nawe huku kidole changu kimefungwa kitambaa. Hakuna aliyenikata. Nimejikata mwenyewe, tena sikuwa nikikata kitu chochote. Nilikuwa nachomoa kisu kutoka katika ala yake.

Kisu chenyewe ni kukri, au kama wanavyokiita wenyewe Wanepali, khukuri. Ni kile kisu kilichopinda kuelekea mbele: chembamba karibu na mpini, kipana tumboni, kisha kinachongoka tena kwenye ncha. Wengi wetu tumekijua kwa sifa ya askari Wagurkha, waliokuwa wakiandikishwa na Waingereza tangu 1815. Hata pwani yetu wamefika. Katika mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, vikosi vya Kashmir vilivyoletwa kutoka India vilikuwa na askari Wagurkha ndani yake. Lakini huko kwao Nepal, kukri ni kifaa cha nyumbani kwanza, na silaha baadaye. Ndicho kipasuacho kuni, kikatacho majani ya mifugo, kichinjacho mbuzi wa sikukuu ya Dashain na kumenya viazi vya jioni.

Vimenifikiaje? Mpwa wangu alikuwa mlinzi huko Doha, akilala chumba kimoja na Mnepali. Mwenzake alipokwenda likizo, mpwa wangu akamwagiza kisu kidogo alichokichagua kwa picha, kutoka duka la watalii mjini Kathmandu. Kiling'aa kama kioo, na ala yake ilijaa nakshi za shaba. Yule Mnepali alikileta, akaongeza na cha pili, hakina urembo, kimefuliwa na mhunzi wa wilayani kwao Bhojpur. Akasema: "Hiki ndicho ulichokitaka. Na hiki ndicho kisu."

Vyote viwili vikaja kwangu, kila kimoja ubapa wake kiasi cha sentimita 15. Kile king'aacho kilidumu miezi miwili. Siku moja nikikata mifupa ya kuku, mpini ukaanza kucheza, na makali yakajikunja kama bati. Cha Bhojpur bado kinanyoa nywele za mkono. Basi leo, msikilizaji, nataka nikueleze tofauti yao, maana siku moja na wewe huenda ukaletewa au ukauziwa.

Tuanze na chuma. Wahunzi wengi wa Nepal hutumia springi za malori, zile bamba zinazobeba mzigo chini ya gari. Fundi wetu wa mapanga anazijua vizuri. Chuma hicho ni kigumu na hakivunjiki ovyo. Lakini siri haimo katika chuma peke yake, imo katika maji. Mhunzi akishafua kisu na kukitia moto hadi kiwe chekundu, hakitumbukizi chote ndani ya ndoo. Huchukua birika, kama la chai, akamimina maji taratibu kwenye makali tu. Makali hupoa ghafla yakawa magumu, na mgongo hupoa polepole ukabaki laini kidogo. Kwa hiyo makali hushika, na mgongo hupokea kishindo bila kupasuka.

Jambo hili unaweza kulipima. Chukua tupa, uipitishe kidogo sana kwenye makali ya tumbo la kisu. Ikiteleza kama juu ya kioo, makali ni magumu. Ikila chuma kwa urahisi, umeuziwa pambo. Kwenye mgongo tupa itashika, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mwuzaji akikukataza kupima, shukuru, urudishe fedha mfukoni.

La pili ni mpini. Ziko namna mbili. Katika namna ya kwanza, mkia wa chuma ni mwembamba na umeingia ndani ya mpini wa mti au wa pembe ya nyati wa kufugwa, ukashikwa kwa gundi ya asili iitwayo laha. Mkia huo hutokeza nyuma na kugongwa juu ya kibati ili usirudi. Katika namna ya pili, iitwayo panawal, chuma ni kipana na kinafika mwisho wa mpini, kikibanwa kwa vipande viwili vya mti na ribiti. Zote mbili ni nzuri zikifanywa vizuri. Shika ubapa kwa kitambaa kinene, ujaribu kuutikisa mpini. Usisikie mlio wowote, wala usione upenyo. Kile kisu changu king'aacho kilikuwa na mkia mfupi kama kidole, ulioishia katikati ya mpini.

La tatu, usipende uzito. Kukri kubwa hufanya kazi kwa uzito wake, lakini ndogo ni ya kukatia nyama na mboga. Ikiwa nene kama shoka, kitunguu kitapasuka badala ya kukatika.

Karibu na mpini utaona kipengee kidogo kwenye makali. Wapo wasemao kinazuia damu isitiririke hadi mkononi, na wapo wasemao ni alama ya dini ya Kihindu. Wewe jua tu kwamba hapo hapanolewi. Na ile hadithi kwamba kukri ikichomolewa lazima ionje damu, ni hadithi tu. Mwenye kisu hukichomoa kila mara ili akifute na kukipaka mafuta.

Naam, sasa nije kwenye kidole changu. Ala ya kukri ni vipande viwili vya mti vilivyounganishwa na kuvikwa ngozi. Makali yakikandamizwa yanaweza kupita kwenye maungio na kutokea upande wa pili. Mimi niliifumbata ala kwa kiganja kizima, vidole vikiwa upande wa makali, nikavuta. Mpwa wangu akapiga kelele: "Mjomba, shika mgongoni!" Alikuwa amechelewa. Shika ala kwa upande wa mgongo wa kisu, vidole visivuke kwenda upande wa makali, na uvute polepole huku mgongo wa kisu ukiegemea ala. Kurudisha ni vivyo hivyo. Na kwa kuwa kisu hiki ni cha nyumbani, kikae nyumbani, mbali na watoto. Ukisafiri kwa ndege kiweke katika mzigo unaopimwa, kamwe si katika mkoba wa mkononi.

Kukitunza si kazi kubwa, ila haitaki uvivu. Chuma hiki hushika kutu, hasa sisi tulio karibu na bahari. Ukimaliza kukata, na zaidi ukikata ndimu, embe bichi au kitunguu, kioshe, kikaushe mara moja, kisha kipake mafuta membamba. Cha jikoni mimi hupaka mafuta ya nazi kidogo, nikayafuta kabla ya kutumia. Cha kuwekwa muda mrefu hupakwa mafuta ya cherehani, kikaviringishwa kitambaa kikavu nje ya ala, maana ngozi huvuta unyevu na kutu huanzia humo gizani. Mpini usiuloweke, wala usiumwagie maji ya moto, kwani laha hulainika kwa joto.

Kukinoa, usikipeleke kwenye jiwe la umeme. Makali yakigeuka rangi ya bluu kwa joto, ule ugumu uliomiminwa kwa birika umekwisha. Weka kisu kitulie, ukipitishe kinoo juu yake ukifuata pindo la makali. Kama makali yamelala tu, tumia chakmak, kile kichuma butu kinachokaa katika mfuko wa ala pamoja na kisu kidogo kiitwacho karda.

Neno la mwisho. Wanaofua visu hivi ni watu wa tabaka la Kami. Dunia imekisifu kisu, lakini mwenye kukifua kwa karne nyingi aliwekwa chini, hata maji aliyoyagusa yakakataliwa. Sheria ya Nepal iliondoa ubaguzi huo 1963, na 2011 ikaja sheria ya kuwaadhibu wanaoendelea nao, lakini desturi haifi kwa siku moja. Tusiwacheke. Hata Wamaasai walitegemea mikuki ya wahunzi wao, na hawakutaka kuoana nao.

Wazee walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Kwa hiyo ukipata kisu kilichofuliwa vizuri, usimpunje mhunzi kwa sababu ala yake haina shaba. Mlipe, na ukitunze kisu chake hata mjukuu wako akikute na makali.

Hadi juma lijalo, kwaherini, na mchunge vidole.