Kodi ya Mbiru katika Upare

Zahanati ya kutibia homa, mfereji wa maji, njia ya kupandia mlimani: vitu hivi havijengwi kwa maneno matupu. Hujengwa kwa fedha, na fedha hutoka katika mifuko ya watu. Basi kila serikali ya mahali ina swali moja gumu: kila mtu atoe kiasi gani?

Huko Uingereza, mwaka 1875, Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Umma. Wakuu wa miji wakapewa wajibu wa kuchimba mifereji ya maji machafu na kuwapatia watu maji safi. Gharama katika miji ililipwa kwa kodi iliyokadiriwa kwa thamani ya nyumba na ardhi. Nyumba haifichiki, hata jirani aweza kuitazama na kusema kama imekadiriwa sawasawa au sivyo.

Katika Upare jambo hili lilikuwa gumu zaidi. Tangu miaka ya 1920 Waingereza waliitawala Tanganyika kwa mikono ya watawala wa jadi, nao walikuwa na hazina za kulipia mambo ya mahali. Zamani kodi ilikuwa ya kiasi kimoja, kwa tajiri na kwa maskini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ikaletwa kodi mpya ya kufuata mali ya mtu. Ikaitwa mbiru, jina la ushuru wa kale ambao Wapare waliwatolea watawala wao.

Kwa kusikia tu, ni haki: mwenye ng'ombe wengi alipe kuliko asiye na kitu. Lakini ni nani atakayehesabu? Fikirini mtu mwenye mbuzi watano zizini, na wawili katika hao si wake, anamtunzia shemeji yake. Ana kahawa kidogo, ambayo mwaka huu yazaa na mwaka ujao labda isizae. Daftari hana. Basi wakadiriaji hukisia, na penye kukisia hapakosi upendeleo, au shaka ya upendeleo, ambayo huuma vilevile.

Januari 1945 maelfu ya watu wakashuka milimani mpaka Same, yalipokuwa makao ya mkuu wa wilaya, wakapiga kambi. Hawakukataa kulipa kodi. Walikuwa tayari kulipa ile ya zamani, ila mbiru hawakuitaka. Wakakaa siku nyingi, na wanawake wakawaletea chakula, mwendo mrefu wenye mizigo kichwani. Kazi za shambani nazo ziliwaangukia wanawake hao hao. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi wakaandamana wenyewe, na nadhani hapo ndipo wakubwa walipotambua kwamba jambo hili halikuwa la wachochezi wachache.

Mwishowe mbiru ikaondolewa, kodi ikarudi kuwa ya kiasi kimoja. Baadaye wakaingizwa wajumbe wa raia katika baraza la Upare, wakaketi pamoja na watawala.