Kuteua, Kurithi na Kusimika: Istilahi za Uongozi katika Taasisi za Hisani za Familia

Watafsiri, walimu na watumishi wa serikali hukutana mara kwa mara na hati za vyombo vya hisani vilivyoanzishwa na familia. Ugumu hutokea hasa pale mwasisi anapofariki au kung'atuka, na mtu mwingine kushika nafasi yake. Je, huyo ameteuliwa, amechaguliwa, ameajiriwa, amerithi au amesimikwa? Maneno haya aghalabu huchanganywa, ilhali kila moja hueleza asili tofauti ya madaraka. Katika makala haya tunakusudia kuyatenganisha. Mifano yetu mingi tumeitoa Ufipa, kwa kuwa historia ya uwanda huo inaonyesha wazi tofauti tunazozungumzia.

1. Jina la chombo

Maneno yanayoshindana ni matatu: wakfu, mfuko na taasisi. Wakfu, katika mwambao na Zanzibar, ni mali iliyotengwa kwa sheria ya Kiislamu, isiyouzwa wala kurithiwa. Ndiyo maana Zanzibar kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Nchini Kenya magazeti hulitumia neno hilo kwa chombo chochote cha hisani. Lakini Sumbawanga hali ni nyingine. Mapadre Weupe walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na Ukatoliki ukaenea sana Ufipa. Huko msikilizaji anaposikia “wakfu” hukumbuka kwanza kuwekwa wakfu kwa askofu, kanisa au altare. “Wakfu wa familia” waweza kumfanya adhani kwamba ni familia iliyotolewa kwa Mungu.

Mfuko, kwa upande wake, husisitiza fedha tu. Taasisi ndilo neno lililozoeleka Tanzania, kama katika Taasisi ya Mwalimu Nyerere. Hata hivyo neno hili ni pana mno, kwani hutumika pia kwa vyombo vya utafiti na vya serikali. Kwa hiyo twapendekeza litumike pamoja na sifa yake: taasisi ya hisani ya familia.

2. Njia za kushika uongozi

Roy Willis, katika kitabu chake juu ya historia ya Ufipa kilichotolewa mwaka 1981, anaeleza dola mbili za uwanda huo, Nkansi na Lyangalile, zilizotawaliwa na ukoo wa Watwa. Kiti cha mtawala kilikuwa cha ukoo. Mkuu wa kijiji, kinyume chake, alichaguliwa na wanakijiji, nao waliweza kumwondoa. Hivyo kurithi na kuchagua viliishi pamoja katika jamii moja, wala hapakuwa na mchanganyiko, maana kila cheo kilikuwa na njia yake. Kadhalika masimulizi ya Wafipa yanasema kuwa Milansi, kitovu cha kale, ilibaki na heshima ya kidini hata baada ya Watwa kushika utawala. Heshima na mamlaka vilitenganishwa.

Ulimwenguni, mfano unaofaa ni ule wa Aga Khan. Mwaka 1957 Karim alitajwa kwa wosia wa babu yake kuwa Imamu wa Waismailia, na Oktoba mwaka huo sherehe ya kumsimika ilifanyika Dar es Salaam. Mwaka 1967 alianzisha taasisi ya hisani yenye jina la Aga Khan. Alipofariki tarehe 4 Februari 2025, wosia wake ulimtaja mwanawe Rahim. Ni makosa kusema kwamba Rahim “alichaguliwa” kuwa Imamu, kwani hapakuwa na kura. Na ni makosa vilevile kumwita mkurugenzi aliyeajiriwa na taasisi hiyo “mrithi”.

Twapendekeza matumizi haya:

(a) Kurithi: kupata cheo au mali kwa haki ya nasaba au wosia.
(b) Kuteua: kuwekwa na mtu au bodi yenye mamlaka hayo, bila kura ya watu wote.
(c) Kuchagua: kupatikana kwa kura au kauli ya wanachama.
(d) Kuajiri: kushika kazi kwa mkataba na mshahara.
(e) Kusimika: sherehe ya kumtambulisha kiongozi aliyekwisha kupatikana. Kusimika hakumpi mtu madaraka, huyatangaza tu.

3. Majina ya vyeo

Mwasisi ni aliyeanzisha. Mlezi hupewa heshima bila utendaji, na hapa ndipo mfano wa Milansi unapotufaa. Mkurugenzi mtendaji huendesha kazi za kila siku chini ya bodi. Kaimu hushikilia cheo kwa muda, asichanganywe na makamu, ambaye ana cheo chake mwenyewe.

Neno mdhamini lahitaji uangalifu zaidi. Mahakamani ni yule anayemwekea mshitakiwa dhamana. Michezoni ni anayetoa fedha. Lakini katika sheria ya usajili wa wadhamini, Sura ya 318, mdhamini ni mtu anayeshika mali kwa manufaa ya wengine, naye huandikishwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Katika hati za hisani yafaa kuandika “mjumbe wa Bodi ya Wadhamini”, ili asidhaniwe kuwa mfadhili.

4. Uzito wa jambo hili

Tuseme familia moja ya Sumbawanga imejenga hosteli ya yatima, na hati yake ya lugha ya kigeni inasema kwamba mtoto mkubwa atashika nafasi ya baba yake katika uenyekiti. Mtafsiri akiandika “atarithi taasisi”, amegeuza cheo kuwa mali. Siku ya msiba ndugu watakuja na hati hiyo wakidai hosteli igawanywe pamoja na mashamba na ng'ombe wa marehemu. Watakaopoteza ni yatima, ambao hawakuwamo katika ukoo wala katika kikao.

Kwa hiyo hatuna budi, kabla ya kutafsiri, kuuliza maswali mawili: nani anatoa madaraka haya, na nani anaweza kuyaondoa? Majibu yakishapatikana, kitenzi sahihi kitajulikana. Na neno “kurithi” libaki mahali pake, yaani penye mirathi.