Kilomita Tano za Mwisho

Mfanyakazi aishiye katikati ya Chicago, Marekani, ambaye ameajiriwa katika ofisi iliyoko viungani mwa jiji hilo, aweza kusafiri kwa garimoshi kilomita zipatazo 37 hadi stesheni ya Lake Cook Road bila taabu kubwa. Taabu huanza anaposhuka. Ofisi yake huenda ikawa kilomita 5 kutoka stesheni, kando ya barabara pana ya magari yaendayo kasi, na wakati wa baridi kali theluji hufunika njia za waendao kwa miguu. Mwendo huo ni wa saa nzima. Hivyo kilomita 5 zaweza kuzibatilisha zile 37 zilizotangulia: mwenye gari huamua kuliendesha tangu nyumbani, na asiye na gari huikosa kazi.

Hasara hiyo ya pili ndiyo iliyo nzito zaidi. Mwaka 1968 mchumi John Kain alichapisha uchunguzi wake juu ya Chicago na Detroit. Alieleza kwamba ubaguzi wa makazi uliwafungia Wamarekani weusi katika mitaa ya ndani ya miji, ilhali kazi zilikuwa zikihamia viungani, na kwamba utengano huo ulichangia kuwakosesha ajira.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini lisipelekwe basi la kawaida? Jibu limo katika hesabu. Basi la viti 40 hujilipa pale ambapo watu wengi huelekea mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ofisi za viungani zimetawanyika, kila moja imezungukwa na uwanja wake mpana wa kuegeshea magari, na garimoshi moja huenda likashusha watu wanane tu wa kampuni moja. Mshahara wa dereva haupungui kwa kuwa viti ni vitupu.

Katika Lake Cook Road waajiri walikubali kuchangia gharama. Stesheni ilipofunguliwa mwaka 1996, wao pamoja na Metra, shirika la magarimoshi, na Pace, shirika la mabasi ya viungani, walianzisha mabasi madogo yaliyopokea abiria wa garimoshi na kuwafikisha milangoni mwa ofisi. Huduma hiyo yafaa pale ambapo waajiri kadhaa wamepangana katika njia moja. Lakini kiwanda kilicho peke yake, chenye abiria wachache, chahitaji njia iliyo rahisi zaidi, nayo ni kumwondoa dereva wa kulipwa.

Wazo hilo lina asili yake katika kampuni ya 3M, mjini St. Paul, jimbo la Minnesota. Mwezi Aprili 1973, ikisumbuliwa na msongamano na gharama za maegesho, kampuni hiyo ilitoa magari 6 yenye nafasi za watu 12, yaliyoendeshwa na wafanyakazi wenyewe kutoka mitaani mwao. Miezi sita baadaye nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao kwenda Marekani, na jambo lililoonekana kuwa la maegesho tu likawa pia jambo la petroli.

Pace ililichukua wazo hilo na kuligeuza kwa namna ya werevu. Katika mpango wake wa kuunganisha na garimoshi, gari halilali nyumbani kwa mtu. Hulala stesheni iliyo karibu na kazi. Asubuhi mfanyakazi aliyekabidhiwa ufunguo hushuka katika garimoshi pamoja na wenzake na kuwaendesha hadi kazini. Gari hushinda hapo, na jioni hurudi stesheni. Pace hutoa gari, mafuta, bima na matengenezo; abiria hulipa nauli ya mwezi, ambayo mwajiri aweza kuichangia au kuilipa yote.

Serikali ya Marekani nayo huchangia kwa kutotoza kodi. Mwaka 1993 mwajiri aliweza kumlipia mfanyakazi hadi dola 60 kwa mwezi kwa ajili ya usafiri wa umma na magari ya namna hii bila fedha hizo kuhesabiwa kuwa mshahara. Mwaka 2025 kiwango kilikuwa dola 325. Sharti ni kwamba gari liwe na nafasi za watu wazima sita au zaidi mbali na dereva, na kwamba angalau asilimia 80 ya mwendo wake iwe ya kuwachukua wafanyakazi, nusu ya viti au zaidi ikiwa na watu.

Sharti hilo la nusu ya viti linagusa mahali penye udhaifu. Basi la jiji likipoteza abiria wawili halitikisiki. Kikundi cha watu saba kikiwapoteza wawili, mmoja kwa kuhama na mwingine kwa kubadilishiwa zamu, waliosalia hubeba gharama kubwa zaidi au mwajiri huongeza ruzuku. Akiondoka mwenye ufunguo, pasipo mwingine aliye tayari kuendesha, gari hurudishwa Pace, na waliozoea kulipanda hushuka stesheni asubuhi ifuatayo wakiwa na kilomita 5 mbele yao.