Gari Rahisi, Injini Ghali

Kijana jirani yangu, mwenye gari lake la kazini, aliniomba ushauri: anunue Mazda RX-8 kuukuu ya bei nafuu, awe anaitengeneza Jumapili? Nikamwambia aanze na injini. Gari hilo, lililoundwa hadi mwaka 2012, halina pistoni. Lina rota mbili za pembe tatu. Sili za ncha za rota zikilika, kompresheni hushuka, na injini ikipata moto hukataa kuwaka tena. Basi ipimwe kompresheni kabla ya kulipa. Tena injini hiyo hula oili makusudi, ili kulainisha sili, usipoongeza, unaiua. Kubadili sili ni kufungua injini nzima. Rahisi ni ghali: asiye na akiba ya injini asinunue bodi.