Madigadi na Kanzu ya Jirani
Ijumaa moja ya masika, muumini alifika msikitini kwetu kanzu ikiwa imetapakaa tope la gari lililompita. Tulimweleza kuwa mafakihi wa Kishafii husamehe tope la njiani lisiloepukika. Hata hivyo aliona haya kusimama safuni, akarudi kubadili, akaikosa hutuba.

Wenye magari hudai gari la kisasa halihitaji madigadi, kwani juu ya magurudumu, kwa ndani, mna plastiki. Plastiki hiyo hulinda bodi ya mwenye gari. Mpira uning'iniao nyuma ya gurudumu humpunguzia mwendesha pikipiki afuataye tope na kokoto. Twasema ufungwe. Ila mtoto wa madrasa apitaye kando haumfai sana. Huyo amtegemea dereva apunguze mwendo penye dimbwi.