Trekta, Theluji na Mahali pa Kuitupa

Novemba 2022, wingu refu lilitoka Ziwa Erie likatanda juu ya Orchard Park, kitongoji cha Buffalo katika jimbo la New York, Marekani. Lilipomaliza kazi yake, theluji ilikuwa imefika kina cha takriban mita 2. Chanzo chake kinajulikana: upepo wa baridi hupita juu ya maji ambayo hayajapoa, hubeba mvuke, kisha huumwaga nchi kavu.

Asiyewahi kuizoa hudhani theluji ni nyepesi kama pamba. Basi tupige hesabu. Njia ya gari ya mita 30 kwa 4, kutoka barabarani hadi gereji, ikifunikwa na sentimita 30 tu, inabeba mita za ujazo 36. Kwa kilo 100 kila mita ya ujazo, hizo ni tani 3.6. Theluji ya majimaji inaweza kufikisha mara tatu ya uzito huo. Kila msimu wapo wanaoanguka na beleshi mkononi, moyo umeshindwa. Ndiyo maana mwenye trekta, hata ndogo ya nguvu za farasi 25, huifungia kifaa cha theluji mapema, ardhi haijaganda.

Kifaa rahisi ni bledi, bapa la chuma linalosukuma theluji kando. Ina kasi, na haina mengi ya kuharibika. Kasoro yake hujitokeza Januari: tuta la kila upande limeganda kama jiwe, njia inazidi kuwa nyembamba, na pa kusukumia hapapo tena. Kuivusha theluji hadi barabarani ni kosa kisheria New York. Wazoefu husukuma mbali tangu siku ya kwanza, hata kama theluji yenyewe ni kiduchu na jirani anawacheka.

Nafasi ikiwa finyu, inahitajika mashine ya kurusha. Nguvu yake hutoka kwenye ekseli fupi iliyochomoza kwenye trekta, ileile ambayo wakulima wa Afrika Mashariki huitumia kuendesha mashine za kupukuchua mahindi, mara nyingi kwa mizunguko 540 kwa dakika. Parafujo kubwa huvuta theluji katikati; pangaboi lililo nyuma yake huidaka na kuirusha kupitia bomba lililopinda, mita 10 au zaidi. Undugu huo na mashine za nafaka si wa bahati tu. Arthur Sicard wa Quebec, Kanada, aliyeunda mashine yake mwaka 1925 na kuuza ya kwanza kwa mji wa Outremont mwaka 1927, husimuliwa kwamba wazo alilipata kwa kutazama mashine ya kupura nafaka.

Dereva hugeuza bomba kufuata upepo. Akikosea, mzigo wote unamrudia usoni.

Parafujo hiyo imeshikiliwa na bolti laini, zilizotengenezwa makusudi zivunjike. Gazeti lililoganda chini ya theluji, au gogo la kuni lililosahaulika, likinasa, bolti hukatika na giaboksi hupona. Mwenye papara huweka bolti ngumu yoyote aliyoiokota bandani. Siku nyingine gazeti likinasa, kinachokatika si bolti tena. Bomba likiziba, injini huzimwa kwanza, kisha theluji hutolewa kwa kijiti. Mkono haupelekwi humo hata injini ikiwa imezimwa, kwa sababu pangaboi lililokabwa linaweza kuruka ghafla pale kizuizi kinapoachia.

Penye kokoto, makali ya mashine huinuliwa sentimita chache. Vinginevyo mawe hurushwa pamoja na theluji, na dirisha la jirani liko palepale.

Kazi ikishaisha, hupita gari la manispaa likisafisha barabara, na theluji yote liliyoibeba huimwaga kwenye mdomo wa njia: tuta zito, chafu, lenye chumvi. Marekani magari hupita kulia, kwa hiyo kwa anayetazama barabara kutoka nyumbani, gari hilo hutokea kushoto. Wenye uzoefu husafisha mfuko mpana upande huo, kando ya barabara kabla ya mdomo, ili tuta litue humo. Wengine huisikia ngurumo ya gari hilo wakiwa wameshavua buti, huchungulia dirishani, na kuzivaa tena.