Kompyuta Kuukuu ya Saiba, Video Inayokwama na Pesa Yako

Tuanze na jambo ambalo wateja wetu wa mpakani hutupigia simu kulihusu. Dereva wa trela amekwama kwenye foleni ya Malaba na anakumbuka leseni yake inakaribia kuisha muda. Anaingia saiba iliyo karibu, analipia nusu saa, anafungua eCitizen. Ukurasa unafunguka nusu nusu, lakini mwishowe anafika pale pa kulipa. Anabonyeza. Ombi la malipo linaingia kwa simu, anaweka PIN, ujumbe wa kuthibitisha unakuja. Anainua macho kwa skrini: kile kiduara bado kinazunguka. Anangoja. Kinazunguka tu. Jamaa wa kiti cha pili anamwambia, "Boss, hiyo imekataa, anza upya." Anaanza upya, analipa tena.

Sasa amelipa mara mbili. Simu yake haikukosea na mtandao wetu haukukosea. Kompyuta ndiyo ilishindwa kumwonyesha jibu lililokuwa limesharudi.

Saiba nyingi za Busia na Malaba, na laptopu za ex-UK ambazo wengi wetu tunanunua kwa sababu ya bei, ni mashine za zamani. Hatusemi mzitupe. Kompyuta ya miaka kumi na miwili bado inaweza kukuonyesha mechi, mahubiri, au somo la kushona nguo. Ila kuna kazi inayoiweza na kazi isiyoiweza, na tofauti hiyo ndiyo inayogusa salio lako.

Kompyuta kuzeeka ni nini hasa

Boda ikitunzwa vizuri inaweza kwenda miaka mingi kwenye barabara ile ile. Kwenye intaneti ni barabara yenyewe inayobadilishwa kila mwaka. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 (hii ya mwisho unaweza kuiandikisha ili iendelee kupata viraka vya usalama hadi Oktoba 2026). Mashine haizimi siku hiyo. Inawaka kama kawaida, lakini tundu jipya la usalama likigunduliwa, hakuna anayeliziba.

Mtu anaweza kudhani haya ni maneno ya kutisha watu ili wanunue kompyuta mpya. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilianza kufunga mafaili ya watu duniani kote na kudai fidia, hadi hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetolewa mwezi Machi mwaka huo huo. Walioumia ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimekipata.

Kivinjari nacho kina umri wake. Chrome ya mwisho kwa Windows XP ni toleo la 49, la mwaka 2016. Kwa Windows 7 na 8 ni toleo la 109, la mwaka 2023. Ukitaka kujua uliyo nayo, andika chrome://version pale juu unapoandika anwani, kisha usome namba ya kwanza. Ukurasa wa kisasa unatuma maagizo ambayo kivinjari cha zamani hakiyaelewi. Kitufe kinaonekana, unakibonyeza, ombi linatoka, jibu linarudi, halafu kivinjari kinashindwa kulichora kwenye skrini. Hicho ndicho kiduara cha yule dereva.

Kwa hivyo, ukilipia kitu kwenye kompyuta, jibu lako litafute kwa simu. Ujumbe wa kuthibitisha ukiwa umeingia na salio limepungua, pesa imetoka, hata kama skrini inasema vingine. Usibonyeze kulipa mara ya pili kabla hujaangalia salio. Fungua ule ukurasa upya kwenye simu yako au kwenye mashine nyingine, ingia kwa akaunti yako, uangalie kama malipo yameonekana.

Saa ya kompyuta na lile onyo jekundu

Hili ni dogo lakini linasumbua watu sana. Unafungua tovuti unayoijua vizuri, na kompyuta inakupigia kelele kwamba muunganisho si salama. Kabla ya kulaumu tovuti, tazama kona ya chini kulia. Ukikuta kompyuta inadhani ni mwaka 2009, umepata jibu. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta iliyo na tarehe ya zamani inaona cheti cha leo kama kitu ambacho bado hakijaanza kutumika, inakikataa.

Saa hupotea kwa sababu kuna betri ndogo ya duara kwenye ubao mkuu, inayofanana na sarafu, mara nyingi aina ya CR2032. Ikiisha, kila stima ikipotea tarehe inarudi nyuma. Wenye saiba, betri hiyo si ya bei ghali na fundi yeyote anaijua. Tafadhali badilisheni.

Kuna sababu nyingine isiyotibika kwa betri. Kompyuta huwa na orodha ya watoa vyeti inaowaamini, na orodha hiyo ikiwa ya zamani, vyeti vipya vinaonekana vya wageni. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama kimoja kilichotegemewa na tovuti nyingi kiliisha muda, na vifaa vingi vya zamani vikaanza kukataa tovuti ambazo jana yake vilizifungua bila shida. Ukiona onyo kama hilo na saa iko sawa, kusoma habari kwenye mashine hiyo ni juu yako. Kuandika nenosiri hapo, hapana. Lile onyo ukilizoea na kulipita kila siku, siku tovuti ya uongo itakapokuja hutaitambua.

Video inakwama: ni mtandao au ni mashine?

Watu wengi video ikikwama wanaongeza bando. Wakati mwingine wanatupa pesa bure, kwa sababu shida haikuwa bando. Kwenye YouTube tazama ule mstari chini ya video. Sehemu nyekundu ni pale ulipofika, na ile ya kijivu iliyo mbele yake ni video iliyokwisha kupakuliwa. Kama nyekundu imeifikia ya kijivu na video imesimama, mtandao ndio mdogo. Kama ya kijivu iko mbali mbele, sauti inaendelea lakini picha inarukaruka, mtandao uko sawa. Mashine ndiyo imelemewa.

Inalemewa kwa nini? Video husafirishwa ikiwa imekunjwa, na kompyuta ndiyo inayoikunjua. Kompyuta nyingi za kabla ya 2016 zina kifaa maalum cha kukunjua mtindo uitwao H.264, lakini hazina cha VP9, mtindo ambao YouTube hupenda kuutuma siku hizi. Bila kifaa hicho kazi yote inaangukia prosesa, feni inapiga kelele kama posho mill, na picha inakatika. Dawa ya kwanza ni kupunguza ubora: bonyeza alama ya gurudumu kwenye video uchague 360p au 480p. Dawa ya pili, kama unatumia Firefox, ni kiongezeo kinachoitwa h264ify, kinachoiomba YouTube itume ule mtindo wa zamani. Kichukue kwenye ukurasa wa viongezeo wa Firefox wenyewe, si kwingine. Na ufunge zile tabo ishirini ulizoacha wazi tangu asubuhi.

Kupunguza ubora kunakuokolea bando pia. Video inayopita kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde inakula takriban megabaiti 450 kwa saa. Ikipita kwa megabiti 4, ni gigabaiti 1.8 kwa saa ile ile. Simu ikigawa intaneti kwa laptopu, laptopu inadhani iko kwenye waifai ya bure: inachagua picha kubwa, na kichinichini Windows inaanza kujipakulia masasisho. Kwenye Windows 10, nenda kwenye mipangilio ya waifai uiambie kwamba muunganisho huo unapimwa. Itapunguza ulafi.

Na ninyi mlio karibu na geti, mnajua simu inavyojishika kwenye mtandao wa Uganda bila kukuuliza. Umekaa Busia ya Kenya, kumbe unatazama video kwa data ya ng'ambo, na bei yake si ile uliyozoea. Zima matumizi ya data ukiwa mtandao wa nje, kisha uchague mtandao wako mwenyewe badala ya kuiachia simu ichague. Salio linalopotea hapa tunaulizwa sisi, na hatuna jinsi ya kulirudisha.

Anayekuambia usasishe Flash anakudanganya

Zamani huwezi kutazama video kwenye kompyuta bila Flash Player. Siku hizo zimepita. YouTube ilihamia mfumo mpya mwanzoni mwa 2015, Adobe wakaacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu yenyewe ilianza kukataa kuonyesha kitu. Kwa hivyo tovuti ya mechi za bure ikikuambia "sasisha Flash Player ili uendelee kutazama", hakuna Flash hapo. Unachopakua ni kitu kingine, na mara nyingi ni programu ya kunakili kila kitufe unachobonyeza au ya kumruhusu mtu aongoze kompyuta kutoka mbali. Vivyo hivyo na lile tangazo la "kompyuta yako ina virusi vitano". Funga tabo. Ikikataa kufungika, funga kivinjari chote.

Kwenye saiba, huwezi kujua aliyekaa kwenye kiti hicho kabla yako alipakua nini. Alama ya kufuli kwenye anwani inalinda safari ya maneno yako kutoka kompyuta hadi tovuti. Haiwezi kuyalinda na mwizi aliye ndani ya kompyuta yenyewe.

Tunachokuomba ukiwa saiba

PIN yako inaandikwa mahali pamoja tu, kwenye simu yako, ukiishika mwenyewe. Hakuna ukurasa wetu wowote wa kompyuta utakaokuomba PIN. Ombi la malipo likija, soma jina la anayelipwa na kiasi kabla ya kuiweka. Tunajua jinsi mambo yanavyokwenda: mhudumu wa saiba ni kijana mzuri, anakusaidia, una haraka ya kurudi sokoni, unampa simu na kumtajia PIN. Mpe kazi ya kompyuta. Simu ibaki na wewe.

Fungua dirisha la faragha kabla ya kuingia kwenye akaunti yoyote: Ctrl, Shift na N kwenye Chrome, au Ctrl, Shift na P kwenye Firefox. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nenosiri, kataa. Ukimaliza, toka kwenye akaunti kwanza, ndipo ufunge dirisha.

Halafu WhatsApp. Mama mmoja mfanyabiashara wa Busia alifungua WhatsApp kwenye saiba ili aprinti risiti aliyotumiwa na mteja, akaondoka bila kuifunga. Jioni, wateja wake walianza kupokea ujumbe kutoka kwa jina lake na picha yake: "Nitumie elfu tatu kwa namba hii, yangu ina shida." Wawili walituma. Akaunti yake ya pesa haikuguswa hata kidogo, lakini waliotuma wanamdai yeye. Ukitoka saiba, fungua WhatsApp kwenye simu, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, uondoe kila usichokitambua.

Kama kompyuta ni yako mwenyewe, una nafasi zaidi. Mashine ya Windows 7 au ya Windows 10 isiyoweza kupokea Windows 11 inaweza kuwekewa Linux Mint, ambayo ni ya bure na bado inapata viraka. Toleo lake la Xfce ni jepesi, na gigabaiti 4 za RAM zinaitosha kwa video na kusoma kurasa. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote, uone kama waifai na sauti vinafanya kazi. Fundi akikuambia lazima ununue laptopu mpya, mwombe akuonyeshe hilo kwanza.

Na kama tayari umelipa mara mbili kama yule dereva: usifute ujumbe wowote kati ya ile miwili. Andika saa ya kila malipo, kisha utupigie kwa namba iliyo kwenye menyu ya huduma zetu kwenye simu yako, si kwa namba uliyoikuta kwenye Facebook. Tutathibitisha kama malipo yote mawili yalifika. Yakiwa yamefika, anayerudisha ni aliyelipwa, na atataka namba za miamala yote miwili pamoja na namba ya ankara. Mtu akikupigia kabla hujatupigia, akisema anakusaidia kurudisha pesa na anahitaji PIN yako, kata simu.